Kupima Kaswende kwa Damu: RPR, TPHA na Kipimo cha Haraka kwa Anayeanza Maabara

Kila kundi jipya la wanafunzi wa mafunzo ya vitendo linapoingia maabara za Nairobi, maswali huwa yale yale. Fomu imeandikwa VDRL, mbona hapa mnafanya RPR? RPR imetoka chanya na TPHA hasi, nimwandikie daktari nini? Mama alitibiwa mwaka juzi, kwa nini kipimo cha haraka bado kinatoa mistari miwili, yaani chanya? Mwongozo huu unajibu hayo ukiwa umesimama mbele ya benchi. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito naye atafaidika na sehemu ya sampuli na ile ya kusoma majibu.

Nadharia ya kutosha ni hii. Vipimo viko makundi mawili. RPR na VDRL havitafuti kingamwili za kimelea cha kaswende, Treponema pallidum. Vinatafuta kingamwili zinazolenga mafuta yaitwayo kadiolipini. Huwa chanya ugonjwa ukichacha na kushuka baada ya tiba, lakini mambo mengine pia huweza kuvifanya viwe chanya. TPHA, TPPA na vipimo vya haraka vya ukanda vinatafuta kingamwili za treponema mwenyewe, na vikishakuwa chanya kwa watu wengi hubaki hivyo maisha yote, hata mgonjwa akitibiwa vizuri. Kwa hiyo kundi hili la pili linakujibu swali "aliwahi kuambukizwa?", na la kwanza linakujibu "hali ikoje sasa?" Ukiyachanganya maswali hayo mawili, utampotosha daktari hata kama mikono yako ilifanya kazi safi.

Kuhusu fomu: neno VDRL limebaki midomoni kama jina la jumla la kupima kaswende, likiandikwa pamoja na kundi la damu, hemoglobini na mkojo. VDRL halisi inataka seramu iliyopashwa moto nyuzi 56 kwa dakika 30, antijeni (kitendanishi chenye kadiolipini) inayochanganywa siku ile ile, na hadubini. RPR ni ndugu yake iliyorahisishwa: imetiwa unga wa mkaa ili jicho tupu lione, haitaki kupasha moto, na inakubali plazma. Andika kwenye jibu jina la kipimo ulichofanya. Ukifanya RPR andika RPR, hata kama uliombwa VDRL, maana taita (namba inayoonyesha wingi wa kingamwili) za vipimo hivi viwili hazilinganishwi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Paketi ya RPR ambayo muda wake haujaisha: antijeni, kadi zenye miduara ya milimita 18, chupa ya plastiki ya kudondoshea, sindano butu ya geji 20, na kontroli, yaani sampuli ambazo jibu lake linajulikana (chanya, chanya hafifu, hasi).
- Rotata (mashine ya kuzungusha kadi) ya mizunguko 100 kwa dakika, yenye kifuniko cha kutunza unyevu.
- Pipeti ya mikrolita 50 iliyohakikiwa. Kwa TPHA, pipeti za kupima mikrolita 10, 25, 75 na 190.
- Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na kiasi kidogo cha seramu iliyo hasi, ya kuzimulia.
- Kipimajoto cha chumba. Kile cha friji hakihesabiki.
- Saa ya kuhesabu dakika, na taa yenye mwanga mkali.
- Paketi ya TPHA na sahani yake ya visima vyenye kitako cha mviringo.
- Glovu, koti, na sanduku la vitu vyenye ncha kali.

Hicho kipimajoto cha chumba ndicho watu hukiruka, na Nairobi ndipo kinapohitajika zaidi. RPR imesanifiwa kufanyika kati ya nyuzi 23 na 29. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha la kusini hakifiki 23 chenyewe. Baridi hudhoofisha mwitiko, na sampuli yenye kingamwili chache inasomeka hasi. Joto likizidi 29, mwitiko hupanda kupita kiasi. Washa hita nusu saa kabla, usome kipimajoto, uandike nambari kwenye rejista ya siku. Hita yenye feni isielekezwe kwenye benchi, itakausha kadi.

Kuchukua na kuandaa sampuli

1. Muulize mteja ataje majina yake mwenyewe, linganisha na fomu, kisha andika lebo ukiwa bado mbele yake. Mirija mitano isiyo na lebo kwenye trei ya kliniki iliyojaa ni mwanzo wa kumdunga sindano mtu asiyehusika.
2. Chukua mililita 3 hadi 5 kwenye mrija wenye kifuniko chekundu upate seramu. Mrija wa zambarau wa EDTA (dawa inayozuia damu kuganda) unakubalika kwa RPR, ila plazma hiyo ipimwe ndani ya saa 24.
3. Acha damu ya mrija mwekundu igande dakika 30, mrija ukiwa wima. Ukiharakisha, nyuzi za damu zitaingia kwenye pipeti na ujazo wako utakuwa wa kubahatisha.
4. Zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ya mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 5 hadi 10, kisha hamisha seramu.
5. Itazame. Ikiwa nyekundu kiasi kwamba huwezi kusoma maandishi ya gazeti kupitia ndani yake, ikatae, uombe nyingine.
6. Usipopima siku hiyo, weka kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi siku 5. Zaidi ya hapo, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

RPR, hatua kwa hatua

1. Toa antijeni, kontroli na sampuli kwenye friji mapema, zifikie joto la chumba. Usizipashe kwa mkono wala kwa maji moto.
2. Tikisa antijeni taratibu kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka mkaa usambae, uivute ndani ya chupa ya kudondoshea. Andika kwenye chupa namba ya toleo na tarehe. Ikiwa kwenye friji, chupa hiyo inatumika miezi 3 au mpaka tarehe ya kuisha, ipi itangulie.
3. Pima sindano. Ukiwa umeishika wima kabisa, nusu mililita ya antijeni itoe matone 30, likipungua au kuzidi moja tu. Matone machache maana yake kila tone ni kubwa mno. Kama hesabu haiji, badilisha sindano.
4. Andika namba za sampuli kwenye kadi. Ishike pembeni. Mafuta ya kidole ndani ya mduara yanazuia seramu kusambaa.
5. Weka mikrolita 50 za kila sampuli na kila kontroli kwenye mduara wake, uisambaze hadi ukingoni kwa kijiti kipya. Usiparuze kadi: mkaa hujikusanya kwenye mkwaruzo na kujifanya chanya.
6. Tikisa tena chupa ya antijeni, tupa matone mawili matatu ili hewa itoke, kisha dondosha tone moja katika kila mduara, sindano ikiwa wima. Usikoroge. Kazi ya kuchanganya ni ya rotata.
7. Weka kadi kwenye rotata, funika, zungusha mizunguko 100 kwa dakika kwa dakika 8. Si 6 kwa sababu foleni ni ndefu, si 12 kwa sababu umeitwa dukani kwa muamala wa M-Pesa.
8. Ukitoa kadi, iinamishe kwa mkono mara tatu au nne huku na huku, usome papo hapo chini ya taa ingali mbichi.
9. Soma kontroli kwanza. Kontroli moja ikienda kombo, hakuna jibu la mgonjwa linalotoka siku hiyo mpaka sababu ijulikane.

Hasi huonekana kama kijivu laini sare, au kitone kimoja cha mkaa katikati. Chanya huonyesha madonge meusi, makubwa au madogo, juu ya weupe. Wanaoanza hushindwa na yale madogo: punje chache nyembamba ambazo jicho lililochoka linaziita "uchafu". Zilinganishe na kontroli chanya hafifu, ndiyo maana ipo. Na katika RPR hakuna "chanya kidogo" wala "inatia shaka". Punje zikiwapo, jibu ni chanya, na kinachofuata ni taita.

Kutafuta taita

Taita ni kiwango cha mwisho cha kuzimua ambacho bado kinasomeka chanya. Bila namba hiyo, RPR chanya ina manufaa nusu, kwa sababu daktari hataweza kujua baadaye kama dawa ilifanya kazi.

1. Tumia miduara mitano ya mstari mmoja. Weka mikrolita 50 za maji ya chumvi kwenye mduara wa 2, 3, 4 na 5. Usiyasambaze.
2. Weka mikrolita 50 za seramu kwenye mduara wa 1 na wa 2.
3. Kwenye mduara wa 2, vuta na urudishe kwa pipeti mara tano au sita bila mapovu. Hamisha mikrolita 50 kwenda wa 3, changanya, kisha wa 4, kisha wa 5. Mikrolita 50 za mwisho zitupe. Sasa una 1:1, 1:2, 1:4, 1:8 na 1:16.
4. Sambaza kuanzia mduara wa 5 kurudi wa 1, ili usibebe seramu nzito kuipeleka kwenye nyepesi.
5. Dondosha antijeni, zungusha dakika 8, soma kama kawaida.
6. Kama 1:16 bado ni chanya, endelea. Zimua seramu hasi kwa maji ya chumvi iwe 1:50, hiyo ndiyo utakayozimulia. Changanya mililita 0.1 ya sampuli na mililita 1.5 za maji ya chumvi upate 1:16, weka mikrolita 50 zake kwenye mduara wa 1 na wa 2, uendelee vile vile hadi 1:256.

Badiliko lenye maana ni hatua mbili, yaani mara nne: kutoka 1:32 hadi 1:8, au kutoka 1:4 hadi 1:16. Hatua moja, kwa mfano 1:8 kuwa 1:4, inaweza kuwa ni mkono wako tu. Ndiyo maana sampuli ya kwanza ichukuliwe siku ile ile mgonjwa anapoanza sindano za tiba, si wiki mbili baadaye, na za ufuatiliaji zipimwe kwa njia ile ile, ikiwezekana maabara ile ile.

Kuna mtego mmoja ambao lazima uujue kwa jina: prozoni. Kingamwili zikiwa nyingi kupindukia, madonge hayajiundi, na seramu isiyozimuliwa inasomeka hasi au inaacha kijivu cha mashaka chenye chembechembe. Huwapata hasa watu wenye kaswende ya hatua ya pili, yaani wale wenye vipele mwilini mpaka viganjani na kwenye nyayo, ambao ndio hatari zaidi kuwakosa. Fomu ikitaja vipele, mjamzito mwenye TPHA chanya, au mtu mwenye VVU ambaye majibu yake hayalingani na dalili, usikubali hasi ya seramu nzima. Zimua hadi 1:16 kabla ya kuandika. Inakugharimu mduara mmoja wa kadi.

TPHA

Hapa chembe nyekundu za damu zilizopakwa antijeni ya treponema hushikana zikikuta kingamwili. Vipimo vya ujazo hutofautiana kidogo kwa watengenezaji, kwa hiyo karatasi iliyomo ndani ya paketi ndiyo sheria. Mpangilio wa kawaida ni huu:

1. Kisima cha kwanza: mikrolita 190 za kizimulio na 10 za seramu. Changanya vizuri, sasa ni 1:20.
2. Hamisha mikrolita 25 kwenda kisima cha pili, na 25 kwenda cha tatu.
3. Tikisa chupa za chembe. Weka mikrolita 75 za chembe za kontroli kwenye kisima cha pili, na 75 za chembe za kipimo kwenye cha tatu. Sampuli sasa ni 1:80.
4. Gonga ukingo wa sahani taratibu, funika, iache dakika 45 hadi 60 bila kuguswa.
5. Soma ukiwa umeiweka juu ya karatasi nyeupe. Zulia lililotandaa kitako kizima ni chanya. Kitufe kidogo kilichobana katikati ni hasi.

"Bila kuguswa" ni neno zito. Sahani isikae benchi moja na sentrifuji wala rotata, wala karibu na friji ambayo kompresa yake hushtuka kila baada ya dakika chache. Mtikisiko hutelemsha zulia likafanana na kitufe. Na kama kisima cha chembe za kontroli nacho kimetandaa, sampuli hiyo inashika chembe zozote zile. Jibu lake halisomeki mpaka uifyonze kwa chembe za kontroli kama paketi inavyoelekeza, au utumie kipimo kingine.

Kipimo cha haraka

Kwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende kiwe cha kwanza kutumika, na ndicho utakachokutana nacho kliniki. Tone la kidole, kimiminika, subiri. Makosa ni machache lakini yanajirudia: kusoma kabla ya muda, kusoma kipimo kilicholala tangu asubuhi, na kutumia kimiminika cha paketi nyingine. Mstari hafifu ni mstari. Mstari wa kontroli usipotokea, kipimo kimeharibika, tupa urudie.

Mjamzito akitoka chanya hatakiwi kungoja taita ndipo apate sindano ya penisilini ya benzathini. Chukua damu ya RPR kwanza, apigwe sindano siku hiyo hiyo, nawe uendelee na kadi yako. Akienda nyumbani Kayole au Kawangware bila dawa, huna hakika atarudi. Dawa inamlinda mtoto vizuri zaidi ikitolewa angalau siku 30 kabla ya kujifungua.

Kuunganisha majibu

RPR chanya, TPHA chanya: kaswende ya sasa, au iliyotibiwa ambayo taita haijashuka. Andika taita, historia ya tiba itamwongoza daktari. Wapo watu ambao taita yao husimama chini, 1:1 au 1:2, miaka mingi baada ya kupona.

RPR chanya, TPHA hasi: mara nyingi ni chanya ya uongo. Malaria, ujauzito, ukoma, lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe), chanjo ya karibuni na uzee vyote vinajulikana kwa hilo, na taita kwa kawaida huwa chini ya 1:8. Lakini usiandike "hana kaswende". Andika majibu yote mawili, pendekeza sampuli nyingine baada ya wiki 2 hadi 4.

RPR hasi, TPHA chanya: aliwahi kutibiwa, au ni kaswende ya zamani iliyojificha, au ni ya mapema mno, au ni prozoni. Zimua kwanza ndipo uandike. Huyu ndiye yule mama wa mistari miwili wa swali la mwanzo.

Zote hasi: hakuna dalili ya maambukizi kwenye damu leo. Mteja mwenye kidonda kibichi, wa aina wanaofika kliniki ya Casino pale River Road, anaweza kuwa na kaswende na damu yake bado iko kimya, kwani RPR huchukua wiki 1 hadi 4 baada ya kidonda kutokea. Jibu hasi lisiwe sababu ya kumrudisha nyumbani.

Kwa mtoto mchanga, usitumie damu ya kitovu, inachanganyika na ya mama. Vuta damu ya mtoto mwenyewe, fanya RPR yake na ya mama pamoja. TPHA haisaidii, kwa sababu kingamwili za mama huvuka kondo. Kinachotafutwa ni taita ya mtoto iliyo mara nne au zaidi ya ya mama.

Majibu yote yapitiwe na kutiwa sahihi na mtaalamu aliyesajiliwa na KMLTTB, bodi ya wataalamu wa maabara za tiba Kenya. Na picha ya rejista kwenye kundi la WhatsApp la zamu, hata "kwa kuuliza tu", ni uvunjaji wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mambo yakienda kombo

Kontroli chanya hafifu imesoma hasi. Tazama kipimajoto kwanza, kisha hesabu ya matone, kisha kasi ya rotata: weka alama kwenye sinia lake uhesabu mizunguko kwa dakika nzima. Mwisho kabisa ndipo ushuku antijeni.

Kila sampuli ina punje, hata kontroli hasi. Antijeni iliganda kwenye friza, au imezeeka, au ilikauka kadini kwa kukosa unyevu. Lowesha sponji ya kifuniko, fungua chupa mpya.

Stima imepotea dakika ya 5. Usimalizie kwa mkono. Tupa kadi, anza na nyingine umeme ukirudi.

Mistari myeusi pembezoni mwa mduara. Seramu haikufika ukingoni, au kadi iliguswa. Rudia.

TPHA imetoa pete, si zulia wala kitufe. Linganisha na kontroli. Ikibaki hivyo, rudia na sahani iliyokaa mahali tulivu. Ikijirudia, andika kwamba haikuamulika, uombe sampuli mpya.

Taita imepanda kutoka 1:4 hadi 1:16 na mgonjwa anaapa alimaliza dawa. Huenda ameambukizwa upya, huenda pia maabara mbili zimesoma kwa macho mawili. Kama seramu ya kwanza bado iko kwenye friza, itoe, zipime zote mbili siku moja, kwenye kadi moja, na pipeti ile ile.